Kura zimepigwa, bei ya unga haikutikisika

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 23, 2025, niliingia dukani hapa Leipzig kununua unga wa chapati. Bei ilikuwa ya wiki zote. Jumatatu, kura zikiwa zimeshahesabiwa, nilipita tena makusudi kuangalia. Ileile. Nikasimama mbele ya rafu nikamkumbuka mama, machozi yakanilengalenga.

Mama ana duka Kariobangi, mtaa wa Nairobi kwetu Kenya. Julai 2022, zikiwa zimebaki wiki tatu hivi tupige kura, serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ya unga wa sima iuzwe shilingi 100, wakati ilikuwa imeshapita 200. Mama alikuwa na mabunda kumi na manne aliyoyalipia kwa bei ya zamani. Unga wa ruzuku hakuuona. Kila alipompigia msambazaji aliambiwa, "Kesho, mama." Wateja wakaja na noti ya mia mkononi kwa sababu redio imesema ni mia. Jirani aliyekopeshwa sukari pale miaka nenda miaka rudi alimwita mwizi mbele ya watu. Akauza kwa hasara ili alinde jina lake. Septemba serikali mpya ikaingia, ruzuku ikafa, bei ikapanda tena, na mama hana mtaji wa kujaza rafu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mei 2017 ilikuwa shilingi 90, kura zikiwa Agosti. Mahindi yakaingizwa bila ushuru, na mkulima wa Kitale akabaki kujiuliza atavuna amuuzie nani.

Najua mtakavyonijibu. "Umeonja mkate wa Wazungu, sasa unatudharau." "Ulitaka watu wafe njaa?" Sikutaka. Nimelala na chai ya rangi mimi pia, na pakiti ya mia ingetufaa sana. Lakini niambieni, ni wangapi kati yenu mliipata? Kama ilikuwa ya kumsaidia mnyonge, mbona huruma hiyo huja na mabango ya wagombea na kuondoka nayo?

Tena sisemi Ujerumani soko ni huria. Mkulima wa huku analipwa ruzuku na Umoja wa Ulaya mwaka baada ya mwaka. Chakula kingi kinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 7, bidhaa nyingine asilimia 19, na hiyo ni siasa tupu. Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, unga uliadimika na maduka mengine yakaweka kikomo cha pakiti kwa kila mteja. Hata katika uchaguzi huu chama cha SPD kiliahidi kushusha ile 7 iwe 5. Ila iliahidiwa kama sheria ya kupitishwa baadaye bungeni, ili mwenye duka aisikie mapema na kujipanga. Hakuna aliyeamka na kumtangazia muuzaji bei ya mali aliyokwisha kuilipia. (Chama chenyewe kilishindwa vibaya.)

Hapo ndipo ninapokasirika. Sisi Kenya tuna sheria ya mwaka 2011, iliyotiwa sahihi na Rais Kibaki, inayompa waziri mamlaka ya kutangaza bei ya juu kabisa ya bidhaa muhimu. Lakini hakuna anayemfidia mwenye duka aliyenunua jana. Riba ya mikopo nayo tuliiwekea dari mwaka 2016. Benki zikaona mfanyabiashara mdogo hana faida tena, zikamfungia mlango, hadi dari ikaondolewa 2019. Mama aliomba mkopo miaka hiyo akaambiwa alete hati ya shamba. Shamba gani, jamani, Kariobangi?

Msiniambie Mkenya hajui soko. Shuka soko la Marikiti, Nairobi, saa kumi alfajiri uone mama mboga akipima nyanya kwa macho na kujua mvua ilinyesha wapi. Mwaka 2007 Benki Kuu iliiacha M-Pesa ianze, haikuinyonga kwa masharti ikiwa changa, na leo mchoma mahindi analipwa kwa simu. Huku Leipzig bado nakutana na mikahawa inayodai pesa taslimu. Nawaambia wenzangu kazini habari hiyo kwa kifua mbele. Serikali ilipotulia na kuwaachia watu nafasi, tulishinda dunia. Kwa nini kwenye unga isiweze?

Juzi nilimpigia mama nikamwuliza kuhusu uchaguzi wetu wa 2027. Alikuwa ameshaamua. Kuanzia Mei mwaka huo hataweka zaidi ya mabunda mawili dukani, na mteja akitaka zaidi atamwelekeza posho mill, kwenye kinu cha kusagia mahindi. "Sitaki kuitwa mwizi tena, mwanangu," akasema, halafu akaniuliza kama huku theluji imeisha.