Panya wa urojo na paa wa jaani

Usiku wa kwanza wa likizo, baada ya sala ya Isha, tuliweka kompyuta juu ya kigoda pale sebuleni kwetu Wete, Pemba, tukatandika mkeka, nikawafungulia watoto filamu ya katuni. Jina lake The Tale of Despereaux, ya Marekani, ya mwaka 2008. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, na mkalimani wa sebuleni si mtu wa kuaminiwa sana. Katika nchi ile supu ndiyo fahari yao. Nilipoona neno supu haliwashtui nikasema urojo, na mfalme alipopiga marufuku urojo, yule wa miaka mitano alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kisa chenyewe si kirefu. Panya mkubwa wa melini, Roscuro, anatumbukia katika bakuli la malkia, na malkia anakufa kwa mshtuko. Mfalme, kwa huzuni, anaharimisha supu na panya wa aina ile. Ndani ya kasri kuna mji wa panya wadogo, na humo anazaliwa Despereaux, masikio makubwa kuliko mwili, na woga hana kabisa. Shuleni kwao woga ni somo, yeye anafeli. Wanampeleka maktaba akatafune vitabu, anavisoma. Anazungumza na binti mfalme, jambo lisiloruhusiwa, na ni panya wenzake wanaomhukumu kutupwa gerezani chini kwa panya wakubwa. Mengine mnaweza kuyakisia.

Mama yangu alikuwa kaegemea mto, akivuta uradi, nikidhani hatusikilizi. Filamu ilipokwisha akauliza, "Huyo panya, kwa yote aliyoyatenda, kafanywa nini mwishowe?"

Nikamwambia wamemjua thamani yake, wamemheshimu.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Basi nchi hiyo ina watu wema." Akaweka tasbihi, akawageukia wajukuu. "Paukwa!"

Akawapa kisa cha paa. Wengi wetu visiwani tumekisikia, na waliokisahau watakikuta katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870, askofu yule yule aliyejenga kanisa la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Maskini mmoja anachakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, anamnunua paa. Watu wanamcheka: mwenyewe huna chakula, unaongeza mdomo! Paa anachimbua almasi, anaifunga kwenye majani na kuipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, anamposea binti, anamwosha bwana mtoni na kumvika nguo za heshima, anamwua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate jumba. Kisha paa anaugua. Bwana, aliyekwishazoea kuitwa bwana, anasema apikiwe uji wa mtama wa felefele, ule duni. Mke analia, bwana hajali. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku bwana analala jumbani, anaamka jaani, vumbi kichwani.

Mdogo alilia. Dada yake, wa miaka kumi, hakulia, ila aliuliza mara mbili felefele ni nini.

Kuanzia hapo mimi na mama tumekuwa na mjadala usiokwisha: kipi kimfae mtoto? Nianze na filamu, maana naona mama anaionea. Upole wake si sukari tupu. Roscuro anakwenda kwa binti mfalme kuomba radhi. Binti anaogopa, anamfukuza, na msamaha ule uliokataliwa unageuka chuki. Kila anayeumiza mle ndani aliumizwa kwanza, na msamaha ukishatoka ndipo mambo yanapoanza kukaa sawa. Mtoto wa miaka mitano alilielewa hilo bila ukalimani wangu.  Na usiku ule kilichomnyima usingizi mpaka saa tano kilikuwa kisa cha paa, si filamu.

Wala wakubwa kumkumbuka mdogo si mambo ya katuni peke yake. Magawa alikuwa panya buku aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, akastaafishwa mwaka uliofuata, akafa mwaka 2022 akiwa ametunzwa. Huyo hakulishwa felefele. Nilimweleza mama. Akasema sawa, mmoja.

Upande wa paa nao una mambo yanayonikera. Paa ni mwongo: almasi, posa, majambazi waliomvua bwana nguo, yote ni maneno ya kutunga. Halafu hajitakii chochote. Anatumikia, anatumikia, anakufa. Ukimpa mtoto wa kike kisa kama hicho bila maelezo, unaweza kuwa unamfundisha kuvumilia. Lakini kumbukeni kimechapishwa lini. Mwaka 1870 soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Mji ule mtu alitumikia maisha yake yote, akizeeka akategemea huruma ya bwana. Siwezi kusoma habari ya uji ule wa felefele nikadhani msimulizi alikuwa anazungumzia mnyama. Nahisi kuna walioisikiliza wakiwa wamekaa uani, si barazani, na waliopenda zaidi pale bwana anapoamka jaani.

Hapo ndipo ninapoziona zimeachana. Filamu inasema na mdogo: wewe na masikio yako, ipo siku utaonekana. Hadithi ya paa inasema na aliyeinuliwa. Na sisi tunaowafungulia watoto filamu sebuleni, ukweli ni kwamba tuko karibu zaidi na yule bwana kuliko na panya.

Nasema hivi kwa sababu ya Mig. Katika filamu ni kijakazi wa kasri, mnene, anayetaka siku moja awe binti mfalme. Kwa macho yangu yeye ndiye mdogo wa kweli mle ndani, maana panya ana jina lake kwenye bango. Mwisho anakutanishwa na baba yake na kurudi shamba, na sisi tufurahi. Msichana anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameitazama filamu yote amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Swali lake lilikuwa moja: "Kwani yule aliyekuwa akifanya kazi jikoni, ndo karudishwa kwao tu?" Nikamjibu kampata baba yake. Akaitika, "Aa," akarudi jikoni. Nafasi kwenye mkeka ilikuwapo. Hakuna aliyemwambia akae, na mimi nimo.

Kwa hiyo nyumbani tumefika nusu njia. Filamu inabaki, na mdogo ameshaiomba tena. Paa naye anabaki, ila nilimwomba mama, kwa ajili ya usingizi wa mtoto, akiruke kisima: amalizie pale bwana anapooa na kuingia jumbani. Alinitazama kwa muda.

"Kisima kikitoka," akasema, "imebaki harusi. Na harusi, mwanangu, Wete hii twaalikwa kila Ijumaa."