Muhogo uliojiotea chini ya mti wa mpira: tuung'oe au tuuache?

Wiki iliyopita tulikuwa tunapalilia konde huku Pemba, mie na shemeji, tukakuta mche wa muhogo umejiotea wenyewe mpakani, karibu na ule mti mkubwa wa mpira anaochumia mama kisamvu. Hakuna aliyeupanda, si unajua tunda la muhogo likikauka linapasuka mbegu zinaruka, basi umeota, na shina lake nene kama mkono wangu, majani mapana yanameta, wakati mihogo ya jirani yake tuliyoipanda wenyewe imedumaa kwa ugonjwa wa batobato, majani yamejikunja. Shemeji akasema ng'oa, chotara hiyo, baba yake mpira, itakula ardhi bure. Mie nikasema tuuache. Tukabishana mpaka adhana ya adhuhuri.

Kwa asiyeujua, mpira huu ni ndugu wa muhogo kabisa, wote asili yao Amerika ya Kusini, wakoloni waliuleta Afrika Mashariki wagemee utomvu wapate raba, biashara ikafa miti ikabaki. Sie tukaugeuza mboga. Kisamvu cha mpira unakitwanga na thomu, unakichemsha haswa maana kina sumu, halafu ndo tui linaingia. Na ukichavushana na muhogo vinazaa, ni damu moja, wote wana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 36.

Sasa shemeji ana haki yake. Mwaka juzi tuliuacha mmoja kama huu, ukapanda juu ukapita paa la banda, tulipouchimba jasho lilitutoka na chini tukatoa mizizi mirefu migumu kama kamba ya ng'ombe, wa kuchemsha hata mmoja hamna. Chotara ya kizazi cha kwanza nguvu zake inazipeleka kwenye mti. Vichakani hapo imeshinda, kwenye sufuria imeshindwa. Ndo maana mtu akiniuliza hizi chotara zina nguvu au dhaifu, mie namuuliza kwanza nguvu za kufanya nini?

Lakini miaka ya 1930 kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mtafiti Storey na mwenzake Nichols walikuwa wanahangaika na magonjwa haya haya tunayoyalilia leo, batobato na michirizi ya kahawia, ile ambayo juu mti unaweza kuwa umependeza tu halafu ukikata muhogo ndani una mabaka makavu ya kahawia kama kizibo. Wakachukua mpira huu huu wakauchavusha na muhogo. Kilichotoka ni kama kile chetu, mti mtupu. Hawakukitupa, wakakichavusha na muhogo tena, watoto wake tena, mpaka mara ya tatu ndo ikapatikana mizizi ya kuridhisha na kinga ya mpira bado imo. Kaleso, aina ya muhogo ambayo wengine wanaiita Namikonga, ni ya ukoo huo, na mbegu nyingine za Amani zilifika Nigeria, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA kule Ibadan ikazitumia miaka ya 1970. Yaani unaweza ukawa unakula mpira kwenye muhogo wako wa nazi wakati wa futari na huna habari.

Utafiti wa DNA uliotoka 2019 ulikuta vipande vya mpira bado vimo kwenye mihogo ya Afrika, hasa kromosomu ya 1 na ya 4, na mingi ina nakala moja tu ya vipande hivyo, yenye nakala mbili ni adimu, inaonekana zikizidi zinadhuru. Kwa mazao ya mbegu hilo lingekuwa balaa, kila kizazi kinachanganyika upya, lakini muhogo tunapanda vijiti. Chotara hata mbegu zake ziwe mbovu, mtu akiipenda anakata kijiti anampa jirani, miaka miwili mitatu iko kijiji kizima. Wataalamu wanapima uwezo wa mmea kwa kuhesabu mbegu, kwa muhogo itabidi wahesabu na majirani walioomba kijiti. Ubaya wake kijiti hicho hicho ndo kinachobeba ugonjwa, hapo shemeji alinibana nikanyamaza.

Na mahali pia panabadilisha hesabu. Marekani walichanganya figili ya shamba na ya mwitu, matokeo yakatoka 2006: kule Michigan chotara hazikufua dafu mbele ya figili mwitu, wakazipanda California, zikaipita kwa mbali kwa kuishi na kwa kuzaa. Mbegu zile zile jamani.

Kwenye mpunga ndo namuunga mkono shemeji moja kwa moja. Mpunga mwitu una mashina yanatambaa chini ya udongo, unang'oa juu unabaki chini. Ukichanganyika na wetu mbegu nyingi zinafia changa, sawa, lakini zile chache zinazopona ndo hatari, zinafanana na mpunga mpaka zitoe mashuke, halafu punje zinapukutika kabla hujashika kisu cha kuvunia, mwaka unaofuata bonde lote zimo. Hapo hakuna cha kusubiri kuona. Ingawa hata huko, jeni (chembe ya urithi) ya Xa21 inayokinga mpunga na ugonjwa wa bakteria wa majani ilitoka kwa mpunga mwitu huo huo, wa Mali, lakini hiyo kazi ya maabara na mashamba ya majaribio, si ya mie na jembe langu.

Mche wetu bado upo. Tumeufunga utambaa mwekundu, na nimemkataza kila mtu asikate kijiti mpaka tuuchimbe tuone ndani. Ukitoka kamba tena, shemeji anapata kuni, na mama keshasema yeye majani anaanza kuchuma kesho.