Turudishieni behewa la chakula

Kinachoniudhi kwenye treni za safari ndefu ni hiki: jiko linafungwa, mpishi anaondolewa, halafu abiria tunaambiwa huduma imeboreshwa. Imeboreshwa kwa nani?

Unaletewa boksi. Ukibandua karatasi ya juu, mvuke unakuunguza vidole. Pembeni chakula kinatokota, katikati bado kina barafu. Uma wa plastiki unavunjika kwenye kipande cha kwanza cha nyama. Na unakula hapohapo unapolala, boksi likiwa mapajani, kwa sababu behewa la chakula limebaki la soda na biskuti, au limeondolewa kabisa.

Kule Marekani, Amtrak, shirika la treni za abiria, ilifanya hivyo mwaka 2019 kwenye treni zake kadhaa za usiku za upande wa mashariki: mlo uliopikwa ndani ya treni ukatoka, vikaja vyakula vya kupashwa moto. Treni za magharibi zilirudishiwa mlo wa kupikwa mwaka 2021, kwa kuanzia na abiria wa mabehewa ya kulala. Kumbe inawezekana!

Najua kupika kwenye treni ni gharama. Lakini mtu anayesafiri usiku kucha na mchana kutwa atakwenda kula wapi, na treni inasimama stesheni dakika chache tu? Mgonjwa wa kisukari, mama mwenye mtoto, mzee asiye na meno, wote boksi lilelile. Nauli niliyolipa haikupungua hata senti.

Kama jiko limefungwa, tuambieni kabla hatujakata tiketi, tufungashe vyetu.