Nimepata paa Michigan, mnanicheka

Juzi jioni, huku Marekani, nimepata paa, wallahi si mbali na mlango wangu: ukingoni mwa shamba la mahindi la jirani, kwa ruhusa yake. Dume, wale wenye mkia mweupe kwa chini. Nikasema Bismillahi, nikaachia mshale, nikamuwahi kwa kisu roho ingalimo.

Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Hapo hapo unamfunga karatasi ya kibali, na ndani ya saa 72 unaripoti mwenyewe mtandaoni. Hakuna askari. Kiza kimeingia, mikono ina damu, nahesabu ncha za pembe.

Nikatuma picha kwa jamaa. "Paa mmoja ndo uombe ruhusa? Ushakuwa mzungu!"

Haya. Mimi mtoto wa Mtende, kusini mwa Unguja, nyama ya paa nimeila kabla sijaijua alifu. Ami yangu na wenzake, kwa nyavu na mbwa, wanaujua msitu kuliko mimi na upinde wangu wa dukani. Simfundishi mtu usasi. Nauliza tu: paa nunga, yule paa mdogo wa misitu yetu, yuko wapi? Mnyama ambaye nje ya Unguja kabaki kwenye misitu michache ya pwani, kama ile ya Kenya. Sheria ya misitu tunayo tangu 1996, Jozani hifadhi ya taifa tangu 2004, na kurunzi za kuwindia usiku mnazijua wenyewe.

Mtasema huku paa wamejaa. Wamejaa sasa! Karne ya 19 walikaribia kuwamaliza. Kwa sheria ya 1937, ushuru wa bunduki za kuwindia na risasi, ambao leo ni asilimia 11, unarudi kwa wanyama. Msasi mwenyewe ndiye mlipaji, na hanuni.

Mwengine ataniambia watu wana njaa. Mwenye njaa simsemi. Namsema yule anayeagiza paa kwa simu, gari inamngoja barabarani, nyama ya kujionyesha kwa wageni wake.

Na msidhani huku pepo. Nimemchuna peke yangu, hakuna hata mtoto aliyekuja kuchungulia. Kwetu ungesikia hodi kabla ya ngozi kutoka. Ilibidi niwapigie simu Wapemba wa mtaa wa pili waje wachukue paja, wakaja na ndimu na pilipili zao, na maneno yao pia: eti sisi wa Makunduchi na Mtende kwa nyama hatujambo.

Nichekeni. Ila la paa nunga hamjanijibu.