Genosha nayo ilistahili machozi yetu
Makala niliyoisoma inadai kwamba watazamaji wa sehemu ya tano ya X-Men '97, mfululizo wa katuni za televisheni, iliyotoka Aprili 10, 2024, walilizwa na kifo cha Gambit, mmoja wa mashujaa wake, peke yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Kifo kile kinauma, hasa pale Rogue, shujaa mwenzake anayempenda, anapomkumbatia na kusema kwamba hamhisi tena, yeye ambaye kwa miaka mingi aliogopa kumgusa kwa kuwa mguso wake hudhuru. Lakini kinauma hivyo kwa sababu kwa sehemu kubwa ya kipindi tumewatazama wamutanti (watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida) wa Genosha, nchi yao ya kubuni, wakicheza na kufurahia taifa lao kutambuliwa na Umoja wa Mataifa, kabla Sentineli, roboti la kuwawinda wamutanti, lenye vichwa vitatu halijawateketeza. Mwandishi hakutaja kabisa kwamba Genosha, tangu ilipobuniwa katika vitabu vya katuni mwaka 1988, imewekwa katika Bahari ya Hindi, ng'ambo ya pwani ya Afrika, na kwamba ilichorwa kama kielelezo cha ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, Genosha ikiwa nchi iliyotajirika kwa jasho la wamutanti waliofanywa watumwa. Kwangu mimi, taifa la namna hiyo kuangamizwa usiku uleule wa sherehe yake ni msiba mzito kuliko kifo cha shujaa mmoja, hata kama ni shujaa niliyempenda tangu mfululizo wa kwanza wa mwaka 1992. Je, wenzangu mlioitazama, ni Gambit aliyewaliza, au ni Magneto, kiongozi wa wamutanti, akimtuliza mtoto Leech huku moto ukiwashukia?