Shift+PageUp kwenye konsoli ya Linux: mistari 68 tunayoililia

Tangu Septemba 2020 kuna lalamiko lisilokwisha miongoni mwa watu wa Linux. Ukiwa kwenye konsoli tupu ya maandishi, ile isiyo na madirisha, Shift+PageUp haikurudishi tena kwenye maandishi yaliyokwisha kupita. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliondoa msimbo wa kazi hiyo kwenye fbcon, draiva inayochora herufi juu ya fremibafa (eneo la kumbukumbu lenye picha ya skrini), na pia msimbo wa namna hiyo kwenye vgacon, draiva ya modi ya maandishi ya VGA. Toleo 5.9 la kerneli, kiini cha Linux, likatoka bila huo msimbo. Kilichouma zaidi ni kwamba uondoaji ulishushwa hadi matoleo ya matengenezo, 5.8.10 likiwemo: mtu alisasisha kerneli akitegemea viraka tu, akakuta kitufe alichokizoea hakijibu.

Walalamikaji wana hoja, ila ile nzito siyo ile inayosemwa sana. Inayosemwa sana ni ya panic: kerneli ikianguka, mistari ya kwanza yenye chanzo cha tatizo imeshapanda juu ya skrini na huna njia ya kuifikia. Hapo kitufe hakikuwa na msaada mkubwa. Kurudisha skrini nyuma kulipitia foleni ya kazi za ndani ya kerneli, na baada ya panic foleni hiyo haihudumiwi tena. Kwenye oops ya kawaida (hitilafu ya kerneli isiyouangusha mfumo wote), mfumo ukiwa bado unapumua, kitufe kilifanya kazi. Lakini hapo hata dmesg, amri ya kusoma logi ya kerneli, inafanya kazi.

Hoja nzito ni ya maandishi yasiyopita kwenye logi ya kerneli. fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, inapoorodhesha ainodi (rekodi za faili) mbovu, au skripti ya kuwasha mfumo inapotoa hitilafu kwenye /dev/console, dmesg haina habari nayo. Ukiwa kwenye shell ya dharura ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM wakati wa kuwaka), bila tmux inayotunza maandishi yaliyopita, bila huduma ya logi, na mzizi wa faili haujapachikwa, skrini ndiyo rekodi pekee uliyonayo. Kilichopanda juu kimekwenda. Hasara hiyo ni ya kweli.

Sasa tupime ukubwa wake, maana hapa ndipo kumbukumbu zetu zinapokitukuza kitu kuliko kilivyokuwa. Bafa ya fbcon kwa chaguo-msingi ilikuwa kilobaiti 32, yaani baiti 32,768, na kila herufi ilichukua baiti mbili: moja ya herufi yenyewe, moja ya rangi. Chukua skrini ya 1920×1080 na fonti ya 8×16. Unapata safu 240 kwa mistari 67, hivyo mstari mmoja unakula baiti 480. Gawanya: mistari 68. Ukurasa mmoja wa kurudi nyuma, basi. Kwenye 3840×2160 kwa fonti hiyohiyo mstari unakuwa baiti 960, bafa inabeba mistari 34, na skrini yenyewe ina mistari 135. Ungerudi nyuma robo ya skrini. Enzi za safu 80 bafa hiyo ilibeba mistari 204 na ilikuwa na maana. Skrini zilipopanuka, chaguo-msingi lilibaki palepale. Tena ukibadilisha konsoli kwa Alt+F2 na kurudi, yote yalikuwa yamefutwa. Kweli, mtu angeweza kuongeza fbcon=scrollback:512k kwenye mstari wa kuwashia akapata mistari zaidi ya elfu moja, na waliofanya hivyo wana haki ya kununa. Waliobaki wanaililia mistari 68.

Upande wa pili wa mizani kuna jinsi msimbo ule ulivyokuwa ukivunjika. Bafa ilipangwa kwa upana wa mstari uliokuwepo wakati inaandaliwa. Kisha programu inaita VT_RESIZE, ombi la kubadili ukubwa wa konsoli, upana unabadilika, lakini sehemu moja ya draiva bado inahesabu kwa upana wa zamani. Matokeo yake ni kuandika nje ya mipaka ya bafa, ndani ya kumbukumbu ya kerneli. Kwenye CVE, orodha ya mashimo ya usalama, CVE-2020-14331 ni ya namna hiyo kwenye vgacon, CVE-2020-14390 kwenye fbcon, na CVE-2020-28097 ni ya kusoma nje ya mipaka kwenye vgacon. Wakosoaji wanasema mshambulizi lazima awe tayari na akaunti kwenye mashine. Sawa, lakini mtumiaji wa kawaida aliyeingia kwenye konsoli hatakiwi kuandika ndani ya kerneli, na kila kiraka kilifungua kona nyingine kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuutunza msimbo huo.

Ukosefu huo wa mtunzaji ndio unaonifanya niegemee upande wa waliokata. Linganisha na kasi ya kusogeza maandishi kwa msaada wa kadi ya picha, ambayo nayo iliondolewa kwenye fbcon. Mwaka 2022 Helge Deller alichukua jukumu la kutunza draiva za fremibafa, akairudisha kama chaguo la kuwashwa wakati wa kujenga kerneli: CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE_LEGACY_ACCELERATION. Mlango ulikuwa wazi kwa mwenye kubeba mzigo. Kwa bafa ya kurudi nyuma wapo wanaoirudisha kwa viraka vyao binafsi, na hiyo ni haki yao, mradi wajue wanarudisha pamoja na mashimo yake.

Jambo moja husahaulika: vgacon haikunyang'anywa kila kitu. Kilichoondolewa ni bafa ya ziada ya programu (kilobaiti 64 kwa chaguo-msingi). Kurudi nyuma ndani ya kumbukumbu ya VGA yenyewe, kilobaiti 32 kuanzia 0xB8000, bado kupo, nako kunatoa mistari 204 ya safu 80, takriban skrini nane. Unahitaji CONFIG_VGA_CONSOLE=y, mashine inayowaka kwa BIOS, gfxpayload=text kwenye GRUB (kipakiaji cha kerneli), na nomodeset ili draiva ya DRM (mfumo wa picha wa kerneli) isije ikakabidhi skrini kwa fbcon. Kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, isiyo na CSM (uigaji wa BIOS) usijaribu: hakuna modi ya maandishi ya kushika, na ukiwa na vgacon peke yake skrini itabaki nyeusi. Huko washa CONFIG_SYSFB_SIMPLEFB, CONFIG_DRM_SIMPLEDRM, CONFIG_DRM_FBDEV_EMULATION na CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE, zote zikiwa =y, si moduli, upate maandishi kabla amdgpu au i915 (draiva za picha za AMD na Intel) haijapakiwa. Skrini ikikawia kuonyesha maandishi, angalia CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE_DEFERRED_TAKEOVER: inaacha nembo ya mtengenezaji hadi herufi ya kwanza iandikwe. fbcon=nodefer inaizima.

Na ujumbe unaopotea? Wa kerneli una tiba nzuri kuliko kitufe kile. CONFIG_LOG_BUF_SHIFT=18 inakupa logi ya kilobaiti 256, mara nane ya bafa iliyoondolewa, na haijali upana wa skrini. Mfumo ukifa kabla hujasoma, boot_delay=100 kwenye mstari wa kuwashia inachelewesha kila ujumbe wakati wa kuwaka kwa milisekunde 100, ilimradi CONFIG_BOOT_PRINTK_DELAY imewashwa. Kwa panic weka CONFIG_PSTORE na CONFIG_EFI_VARS_PSTORE, zinazohifadhi ujumbe wa mwisho kwenye kumbukumbu ya UEFI. Ukiwasha tena, mabaki yapo /sys/fs/pstore. Yakikosekana, huenda kerneli yako imezima hifadhi hiyo kwa chaguo-msingi, basi ongeza efi_pstore.pstore_disable=0. Tangu 6.10 kuna pia CONFIG_DRM_PANIC, inayochora ujumbe wa panic moja kwa moja kwenye skrini.

Maandishi ya fsck na wenzake ndiyo yanayobaki bila tiba kamili. Kwenye shell ya dharura izoeshe mikono fsck -n /dev/sda2 2>&1 | tee /run/fsck.log, kwa kuwa /run iko kwenye RAM na inaandikika hata mzizi ukiwa wa kusoma tu. Kisha fungua faili kwa less. Kwenye seva yenye mlango wa serial, andika console=tty0 console=ttyS0,115200n8 na uache kompyuta ya pili ihifadhi kila kitu. Mpangilio una maana: konsoli ya mwisho kutajwa ndiyo inayokuwa /dev/console, kwa hiyo ukizigeuza utapata ujumbe wa kerneli pande zote mbili, lakini matokeo ya skripti, yaleyale uliyokuwa ukiyatafuta, yataenda kwenye skrini peke yake.