Je, Picha Zinaweza Kutabiri Kama Pingili za Mgongo Zitaungana?

Katika upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo, skurubu na vyuma huchukuliwa na wengi kuwa ndiyo tiba yenyewe, ilhali kazi yake ni kuzishikilia pingili zisicheze mpaka mfupa uliopandikizwa uote na kuzifanya kuwa kitu kimoja. Jambo hilo huchukua miezi kadhaa, mara nyingi hata mwaka mzima, na kwa baadhi ya wagonjwa halitimii kabisa. Kama picha zingeweza kuwabaini wagonjwa hao mapema, wangeepushiwa mateso mengi.

Wanaozitegemea picha wana hoja nzito. Wagonjwa wengi huwa wameshapigwa picha ya CT, yaani eksirei ya pande nyingi inayounganishwa na kompyuta, kabla ya upasuaji, na picha hiyohiyo, bila kuongeza mionzi, inaweza kutumiwa kupima uzito wa mfupa, yaani jinsi ulivyoshiba ndani, kwa kipimo cha Hounsfield, ambacho kwacho maji huwa 0 na hewa huwa -1000. Pingili ya kwanza ya kiuno ikipata chini ya takriban 110, madaktari wengi huanza kushuku kwamba mifupa imedhoofika. Kipimo cha kawaida cha uzito wa mifupa, eksirei iitwayo DEXA, hudanganyika hapa, kwa kuwa huhesabu pamoja vinundu vya mfupa vilivyoota kutokana na uchakavu na hata kalisi iliyoganda kwenye mshipa mkuu wa damu, na wanaofika kufanyiwa upasuaji huu mara nyingi ndio hasa wenye migongo iliyochakaa hivyo. Picha ya CT humwezesha daktari kupima sehemu laini ya ndani ya pingili peke yake. Kwangu mimi, kuwa na picha hiyo mkononi na kuacha kuisoma hivyo ni uzembe.

Hata hivyo, mfupa mzito si lazima uwe mfupa utakaounga. Nikotini ya sigara, kisukari, idadi ya pingili zinazounganishwa na aina ya mfupa uliopandikizwa vyote huathiri matokeo, na namba hiyo haivionyeshi. Namba yenyewe hubadilika kwa nguvu ya umeme wa mashine, na hupanda mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha. Kwa hiyo hunitia wasiwasi kusikia namba moja ikitumiwa kumfungia mtu mlango wa chumba cha upasuaji, badala ya kuwa sababu ya kuimarisha mifupa yake kwanza na kumsaidia aache sigara.

Baada ya upasuaji, tahadhari inahitajika zaidi. Vyuma hutia ukungu kwenye picha, na eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha muungano ambao haupo. Isitoshe, wapo ambao pingili zao hazikuungana na hawasikii maumivu, na wapo walioungana barabara lakini bado wanaumwa. Kumrudisha mgonjwa asiye na maumivu kwenye kisu kwa sababu tu picha inaonyesha ufa, wakati vyuma vyake vimeshika vizuri, ni kuitibu picha na kumsahau mwenye mgongo.